Springi za tela: pima kilo, usihesabu magunia

Msimu wa mavuno unapoanza Ulyankulu, wilayani Kaliua, mkoani Tabora, vitu viwili hutafutwa kwa pamoja: nafasi ndani ya tela, na springi za tela lenyewe. Tumbaku inatakiwa ifike sokoni, mahindi yanasubiri wanunuzi wa Tabora mjini au ya kupakiwa kwenye reli Urambo na Kaliua, na njia za ndani ya makazi ni za mchanga, changarawe na mbuga nyeusi ambayo bado haijakauka vizuri. Tela likilala njiani na springi iliyokatika, hasara haiishii kwenye bei ya chuma. Mzigo hushushwa, kibarua hulipwa mara mbili, trekta hukaa bila kazi, na mwenye mahindi hutafuta tela la mtu mwingine.

Kwa kawaida mwenye tela hufungua springi iliyovunjika, huifunga kwenye kiroba na kupanda nayo basi hadi mjini. Dukani mazungumzo huwa mafupi.

“Shikamoo mzee. Unataka kama hii hii?”

“Marahaba, mwanangu. Kama hii hii, ila ongeza bamba moja. Hii ilikuwa dhaifu.”

Muuzaji huongeza bamba, pesa hutolewa, na baada ya safari chache springi hukatika tena, safari hii pamoja na jicho la chesisi. Katika mazungumzo yale lipo swali moja ambalo halikuulizwa, nalo ndilo lenye pesa: springi ile ilikuwa imebeba kilo ngapi?

Gunia si kipimo

Tela hupakiwa kwa hesabu ya magunia. Nauli hulipwa kwa gunia, na dereva husema amebeba gunia 40. Sheria ya vipimo nchini Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini kila anayenunua mahindi shambani anaifahamu lumbesa, lile gunia lililoongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba juu ya mdomo. Lumbesa inaweza kufika kilo 120, 130 au zaidi. Mkulima anajua kwamba anapunjwa na mnunuzi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mwenye tela naye hupunjwa, na kwake upunjaji huo huonekana kwenye chuma.

Chukua mfano wa tela la trekta lenye ekseli moja na springi mbili. Tuseme likiwa tupu lina uzito wa kilo 1,300, na kati ya hizo kilo 300 ni za ekseli, rimu na matairi, vitu ambavyo viko chini ya springi na kwa hiyo springi haivibebi. Likipakiwa magunia 40 ya kilo 100, mzigo ni kilo 4,000. Jumla ya uzito ulio juu ya springi ni kilo 5,000. Sehemu ya uzito huo huegemea kwenye ndoano ya trekta. Mzigo ukipangwa vizuri sehemu hiyo huwa kama moja ya kumi, yaani kilo 500. Zinabaki kilo 4,500 za kugawanywa kwa springi mbili. Kila moja inabeba kilo 2,250.

Magunia yale yale 40 yakiwa ya lumbesa ya kilo 130, mzigo unakuwa kilo 5,200. Hesabu ikifuatwa kwa njia ile ile, kila springi inabeba kilo 2,790. Kilo 540 zimeongezeka kwa kila upande, karibu robo ya mzigo wa kwanza, na nauli haijaongezeka hata shilingi moja. Mwenye tela amesafirisha kilo 1,200 bure, sawa na magunia 12 halali. Akinunua springi ya kilo 2,500 kwa kuamini kwamba gunia 40 ni tani nne, ameshakosea kabla ya kutoka dukani.

Hesabu hiyo ni ya tela lililosimama. Likiwa mwendoni, gurudumu likitumbukia shimoni, uzito unaoishukia springi kwa dakika ile huweza kufika mara mbili ya ule wa kawaida. Springi iliyonunuliwa kwa kipimo kamili cha mzigo, bila akiba yoyote, haidumu kwenye barabara yenye mawimbi kama bati la nyumba.

Tumbaku ni tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Kila mtumba wa tumbaku hupimwa kwenye mizani ya chama cha msingi na uzito wake huandikwa. Anayetaka kujua tela lilibeba nini hujumlisha karatasi. Mahindi hayana karatasi hiyo, na kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani hazina kabisa. Tela la kuni mbichi za miombo hupakiwa mpaka linapojaa kwa macho, ilhali kuni mbichi ni nzito kuliko kavu kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Kwa hiyo tela likivunja springi mwezi wa kuni au wa mahindi na kumaliza msimu wa tumbaku salama, kosa haliko kwenye springi.

Biashara ya njia hii ilikuwa ikipima mzigo tangu zamani. Enzi za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, misafara kati ya Tabora na Ujiji ilibeba bidhaa zilizofungwa kwa frasila, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpagazi aliyezidishiwa aligoma au alitoroka. Springi haina njia ya kugoma mapema.

Mizani si lazima iwe ya daraja. Mwenye tela apime magunia matano yaliyochaguliwa bila mpango kwenye mizani yoyote ya kijijini, atafute wastani, kisha azidishe kwa idadi aliyozoea kupakia. Hesabu ya nusu saa hiyo ndiyo inayotangulia safari ya kwenda dukani.

Kuisoma springi iliyovunjika

Springi ya zamani isitupwe kabla ya kuangaliwa mahali ilipokatikia, kwa sababu mahali hapo hueleza sababu.

Ikiwa mabamba yamekatika katikati, kwenye tundu la bolti ya kati, mara nyingi si mzigo uliosababisha. Yu-bolti zilikuwa zimelegea. Yu-bolti zilizokazwa barabara huifanya sehemu ile ya katikati isipinde kabisa. Zikilegea, mabamba huanza kupinda pale pale penye tundu, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Kununua springi nzito zaidi kwa tatizo hili ni kupoteza pesa. Springi ya kipimo kile kile, yu-bolti mpya na mkono wenye nguvu vinatosha.

Ikiwa bamba la juu limekatika karibu na jicho, bushi zinatakiwa ziangaliwe. Bushi iliyokwisha huliacha jicho ligonge na kujikunja upande kila tela linapokata kona. Ikiwa bamba la juu peke yake limekatika na mengine ni mazima, viangaliwe vile vibanio vinavyofunga mabamba pamoja. Tela linaporuka tundu na kupaa, ekseli huning’inia. Vibanio vikiwepo mabamba yote hushirikiana kuibeba, vikiwa vimepotea bamba la juu hubaki peke yake. Vibanio hivi ni vya bei ndogo, na mafundi wengi wa vichochoroni huvitupa kwa sababu vinachelewesha kazi.

Springi ambayo haikukatika bali imelala, imenyooka hata tela likiwa tupu, au imepinda kinyume likiwa na mzigo, ndiyo inayosema wazi kwamba ilibebeshwa kupita uwezo wake au imechoka kwa umri. Hapo ndipo suala la kuongeza nguvu linapokuwa halali. Na ikiwa mabamba yamekatika kati ya jicho na katikati, yakiwa na mashimo ya kutu, chuma kimechoka; kipimo cha zamani kinaweza kuwa sahihi kabisa.

Unene, idadi na urefu

Anayeongeza bamba moja hudhani ameongeza nguvu nyingi. Springi yenye mabamba saba ya unene mmoja ikiongezwa la nane, ugumu wake hupanda kwa moja ya saba, yaani asilimia 14 hivi. Sivyo ilivyo kwa unene. Ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mabamba saba ya milimita 12 badala ya milimita 10, kwa upana na urefu ule ule, huifanya springi iwe ngumu kwa asilimia 73 zaidi, na uwezo wake wa kubeba bila kuumia hupanda kwa asilimia 44. Milimita mbili ambazo macho hayazitambui dukani zimezidi kwa mbali bamba zima.

Urefu nao hufanya kazi kinyume. Springi ya milimita 1,000 ni laini kwa zaidi ya robo kuliko ya milimita 900 yenye mabamba yale yale. Ndiyo maana springi ya lori iliyokatwa ikafupishwa ili iingie kwenye tela haibaki na tabia yake ya zamani. Inakuwa ngumu kuliko muuzaji anavyodhani.

Ugumu si sifa nzuri kila wakati. Tela lenye springi ngumu kupita kiasi likirudi tupu kutoka Tabora hurukaruka kama halina springi kabisa, na mshtuko huo huenda kwenye chesisi, kwenye maungio ya kulehemu, kwenye beringi na kwenye ndoano. Kuna matela mengi ya trekta ambayo kweli hayana springi, ekseli imefungwa moja kwa moja, nayo hufanya kazi kwa sababu hutembea polepole shambani. Tela la kwenda mjini halimo katika kundi hilo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba springi ni kiungo kimoja tu. Ekseli ina uwezo wake, matairi yana uwezo ulioandikwa ubavuni, rimu na beringi pia. Springi ya kilo 3,500 kila upande juu ya ekseli ya tani tano haifanyi tela liwe la tani saba. Inachofanya ni kuhamisha mahali pa kuvunjika, kutoka kwenye springi inayobadilishwa kwa saa mbili hadi kwenye ekseli ambayo haipatikani Ulyankulu. Na kwa wale wanaovutwa na malori hadi barabara kuu, Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Mizani ya barabarani haiulizi springi ina mabamba mangapi.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Kubeba springi nzima kwenye basi si lazima kama vipimo vimeandikwa vizuri. Kinachotakiwa ni urefu kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jicho la pili, ukipimwa kwa mstari ulionyooka na tela likiwa halina mzigo. Kama upande mmoja hauna jicho bali bamba limelala juu ya kiti chake na kuteleza, upimwe hadi mwisho wa bamba na jambo hilo litajwe, kwa kuwa springi ya jicho moja na ya macho mawili hazibadilishani. Kisha upana wa bamba, unene wa kila bamba kwa kupimwa moja moja, maana mara nyingi la juu ni tofauti na ya chini, na idadi yake. Kipenyo cha tundu la bushi. Kimo cha upinde, kutoka mstari wa macho hadi bamba la juu.

Kipimo kinachosahaulika ni mahali pa bolti ya kati. Si springi zote zenye bolti katikati kamili. Nyingine upande wa mbele ni mfupi kuliko wa nyuma. Springi ya namna hiyo ikifungwa kinyume, ekseli husogea, na tela huenda mshazari nyuma ya trekta na kula matairi. Kichwa cha bolti hiyo nacho lazima kiingie sawasawa kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kikiwa kidogo kuliko tundu, ekseli itatembea hata kama yu-bolti zimekazwa.

Tela lenye ekseli mbili huwa na kiungo cha kati kinachogawana mzigo kati ya springi ya mbele na ya nyuma. Kiungo hicho kikiwa kimeshikwa na kutu, springi moja hubeba kwa ajili ya mbili. Kiangaliwe kabla ya kununua chochote.

Mpya au ya skrepa

Springi mpya ya kipimo kamili ndiyo inayopendekezwa, lakini si kila mfuko unaimudu, na biashara ya springi zilizotolewa kwenye malori yaliyokufa ni kubwa. Si mbaya yote. Anayenunua huko aende na mafuta ya taa, kitambaa, chaki na tupa.

Bamba lisuguliwe liwe safi, lipakwe mafuta ya taa, lifutwe kabisa, kisha lipakwe chaki. Kama lina ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Jaribio hilo lifanyike hasa kuzunguka tundu la kati na chini ya jicho. Tundu lenye kingo zilizoyeyuka limetobolewa kwa moto wa gesi, si kwa drili, na chuma kilichoizunguka kimeharibika. Jicho lililolehemiwa likataliwe bila mjadala. Tupa nayo husema: chuma cha springi huumwa na tupa kwa shida, kikilika kwa urahisi kama chuma cha dirisha, kimepoteza ugumu wake.

Wengi hupeleka springi iliyolala kwa mhunzi ipindwe upya. Mhunzi akiipasha moto kwenye mkaa, akaipinda na kuiacha ipoe juu ya mchanga, ameirudishia umbo na kuiondolea nguvu. Chuma hiki kinahitaji kupashwa hadi nyuzijoto 850 au zaidi, kuzamishwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini, nyuzi 400 hadi 500, ili kisiwe laini wala kisivunjike kama chupa. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayorukwa. Springi iliyopindwa bila kurudishiwa ugumu hupendeza ikiwa tupu, na kwa tela la lumbesa hulala wiki ile ile.

Wala upande mmoja usibadilishwe peke yake kama mwingine umeshachoka. Springi mpya kulia na ya zamani kushoto huliinamisha tela, mzigo huhamia upande ulioinama, na ile ya zamani hufa haraka zaidi. Kwa ekseli moja zinunuliwe mbili.

Kufunga

Yu-bolti za zamani zisirudishwe. Zimekwisha kuvutika na nyuzi zake haziaminiki. Mabamba yapakwe grisi kidogo, njugu zikazwe kwa kupishana, kona hadi kona, na mkazo wa mwisho ufanywe tela likiwa limesimama kwa matairi yake na lina mzigo. Baada ya hapo upimwe umbali kutoka kwenye jicho la ndoano hadi mwisho wa ekseli kulia, na vivyo hivyo kushoto. Vipimo hivyo viwili vikilingana, ekseli imekaa sawa.

Katika safari ya kwanza yenye mzigo mabamba hujikalia na yu-bolti hulegea, hata zikiwa zimekazwa na fundi hodari. Dereva aende na spana yake na akaze tena akifika. Akisubiri wiki ipite, tundu la kati litakuwa limeanza kufanya kazi ambayo si yake.

Mabamba ya zamani ambayo bado ni mazima yafaa kuwekwa kama akiba, yakiwa yameandikwa unene wake kwa rangi. Yaliyokatika yana soko lake kwa wahunzi, wanaoyageuza mapanga na visu, na huuzwa kwa kilo, kwenye mizani.